Kuni za Maji

Kibaha, Jumapili 28 Aprili 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mvua imetuonea. Nguo hazikauki, bweni zima linanuka unyevu, na wewe huko Vihingo najua unagombana na moshi jikoni. Zile kuni za maji bado ziko juu ya uchaga, au Mjomba Maulidi kazigusa? Sijasahau kofi ulilonipiga siku nilipochukua kijiti kimoja nikachomea muhindi. Kijiti kimoja, Bibi! Kuni za kupikia zimejaa uani, wewe ukasema hizi ni za kuchemshia maji tu na hakuna anayezigusa. Shavu langu linakumbuka mpaka leo.

Sasa habari yenyewe. Kile kijitabu nilichokueleza nilipokuja kwa Idi kimetoka. Wanafunzi wa nchi nne tumeandika, kila mmoja aeleze maji ya kunywa ya kwao na anaonaje. Mwalimu Stellamaris wa jiografia ndiye aliyetusimamia, na katika shule yetu imechaguliwa insha yangu peke yake.

Kuna mvulana wa Finland anakunywa maji ya bomba la bafuni. Anasema hajawahi kuyafikiria maji hata siku moja mpaka alipoulizwa, na anaona aibu kidogo. Wa Bolivia wanaletewa maji na lori, na mtaa wao wa mlimani lori linapanda likijisikia. Aliyenikaa moyoni ni msichana wa Bangladesh. Kwao pampu yenye maji ya sumu hupakwa rangi nyekundu ili watu wasinywe. Pampu ya shangazi yake ilipopakwa, shangazi aliifunika gunia ili wapita njia wasiione. Kosa si lake, sumu imetoka ardhini, lakini anaona haya.

Mimi nimeandika ya kwetu: kisima cha bondeni, mtungi wako barazani na kata yake, watu wanaotoka mashambani wakisimama kunywa. Nimetia chumvi kidogo, kama waandishi wanavyofanya. Nakala nampa Mjomba akuletee. Maandishi yake madogo sana, usiumize macho. Tazama picha yangu tu, inatosha.

Najua tarehe 10 ni dua ya Mama. Nimeomba ruhusa nikakataliwa, tuna mitihani. Mtungi wa sadaka yake ujae siku hiyo, na kata ya kwanza umpe mtu kwa niaba yangu.

Mke mwenzako,
Shamsia


Vihingo, 12 Mei 2024

Shamsia,

Marahaba. Dua imekwenda. Watu walikuja, wali ulitosha, Maua aliongeza kuku wawili. Mvua haijakatika.

Mjomba wako alifika na kijitabu. Picha umetoka vizuri.

Nakuuliza jambo moja, unijibu kwa mkono wako, usimtume mtu mdomo. Nani alikuambia?

Bibi yako,
Mwanaamina binti Shomari


Zegereni, 13 Mei 2024

Shamsia,

Nakuandikia saa ya mapumziko, nje ya kiwanda, na mikono yangu ina vumbi la vigae. Laiti simu zingeruhusiwa huko bwenini ningekupigia nikakusema mpaka salio liishe. Barua ya Bibi yako naiambatanisha na hii. Sijaisoma, si yangu.

Kijitabu chako sikukisoma kabla. Hilo ni kosa langu. Nilikibeba kifuani kama hati ya kiwanja. Nilikuwa na fahari, nikajisemea mtoto wa marehemu dada yangu anasomwa nchi nne, nami nikisome peke yangu ndani ya basi? Nikangoja watu.

Unajua desturi ya Mama katika dua ya dada. Kabla ya wali kila mtu anapewa maji ya mtungi ule wa barazani, anakunywa kwa niaba ya marehemu. Shehe alishamaliza, vikombe vilikuwa mikononi mwa watu. Nikasimama, nikasema nyamazeni kidogo jamani, mjukuu wetu kaandika. Nikasoma. Watu wakatabasamu uliposema kata ya Bibi ina ufa mmoja. Mama mwenyewe alicheka. Nikafungua ukurasa wa pili, nikaendelea kwa sauti ile ile: "Mama yangu alikuja kututembelea nyumbani, akapewa maji ya kisima hicho. Bibi yangu hakuyachemsha. Baada ya siku tatu tulimzika."

Mdomo ulishatamka ndipo masikio yakasikia.

Maua ndiye aliyetangulia kuweka kikombe chini. Jirani yetu, aliyekulea wewe! Wakafuata wengine. Hakuna aliyetoa neno baya. Huyu ana mgonjwa, yule kaacha mbuzi kamba ndefu, na wali wakaula kwa haraka bila maji. Mama alikusanya vikombe kimoja kimoja, vimejaa.

Dada alikufa kwa malaria. Kijiji kizima kinajua. Mimi nilikuwa Dar wakati huo, nikafika nikakuta kaburi, lakini Mama alinieleza kwa kinywa chake: malaria. Wewe hayo umeyatoa wapi? Tangu Ijumaa hakuna anayekunywa pale. Watu wanatoka shamba na chupa zao, wanasalimia wakiwa njiani. Mama anachemsha, anajaza mtungi asubuhi, na jioni anaumwagia mchicha.

Ukitaka kuniamkia, anza kwa kulijibu hilo.

Mjomba wako,
Maulidi


Kibaha, 15 Mei 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea hiyo shikamoo.

Umeniuliza nani aliniambia. Hakuna, Bibi. Hakuna aliyeniambia. Nilitunga mwenyewe, kwa kalamu yangu, nimekaa kitandani na miguu imefunikwa blanketi. Najua ulitaka nimtaje mtu ili lawama igawanyike. Hayupo.

Nitakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Insha yangu ya kwanza ilikuwa ya kweli yote. Kisima, madumu, kitambaa cha kuchujia, wewe unavyochemsha hata ukiwa na homa, na kuni zako za maji. Mwalimu Stellamaris akairudisha. Akasema ni nzuri, lakini wewe mwenyewe uko wapi humu, maji haya yamekufanya nini? Nikaona maji yako hayajanifanya chochote. Sijawahi hata kuumwa tumbo.

Halafu kuna Firdausi, tunalala naye kitanda cha juu na chini. Kwao Mkuza wana tangi kubwa na bomba mpaka jikoni. Alisoma ile ya kwanza akacheka, akasema kumbe nyie bado mnagombania kisima na mbuzi. Bweni zima likacheka. Mimi nikacheka pia, Bibi, nikawaambia na kuna vyura. Nilikucheka pamoja nao. Hilo hukulijua, nakwambia mwenyewe.

Usiku ule ule nikaandika habari ya Mama. Nilipoisoma bwenini hakuna aliyecheka. Firdausi alinipa biskuti zake. Nikagundua kwamba maji ya kisima yanachekwa, lakini mama aliyekufa hachekwi. Basi nikaiacha hivyo. Nilisema moyoni Vihingo ni mbali, nani atasoma? Ndiyo maana nilikuambia maandishi madogo.

Naona haya mpaka kula kunanishinda. Wewe unajaza mtungi kwa ajili ya Mama, nami nimeandika kwamba ulimuua. Msichana yule wa Bangladesh aliniliza kwa ajili ya pampu nyekundu ya shangazi yake, na wakati huo huo nilikuwa na brashi mkononi nakupaka wewe.

Kesho namwambia Mwalimu. Jumapili nitaandika barua kwa watu wa Vihingo, Mjomba aisome pale pale aliposomea ile. Barua yako haikuniita mke mwenzangu. Nimeliona hilo kabla ya kuona kitu kingine.

Shamsia


Vihingo, Jumamosi 18 Mei 2024

Shamsia mjukuu wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu ndipo nilipoelewa kwamba hukuambiwa na mtu.

Nilidhani ni yule muuguzi, kwamba umekutana naye mjini. Au umekumbuka mwenyewe, maana ulikuwa na miaka mitano na macho makali. Ndiyo maana niliuliza. Sikuwa na hasira nawe. Nilikuwa naogopa.

Usiandike kitu kwa watu. Soma kwanza hii.

Ilikuwa masika kama haya, mwaka 2013. Mama yako alikuja kutoka Dar, amekubeba mgongoni ingawa miguu ulikuwa nayo. Mvua wiki ya pili haijapumzika. Bwana afya alitufundisha zamani kuchemsha, nami nilikuwa nachemsha, hata majirani walinitania. Siku ile kuni zote mbichi. Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Kuni kavu zilizobaki zilikuwa za chungu kimoja tu, na mwanangu amekuja mgeni baada ya miezi minane. Nikachagua wali.

Maji nikayachuja kwa kitambaa, nikaona meupe, nikamwekea. Alikunywa, akasema Mama, maji ya nyumbani matamu. Wewe ulikunywa uji uliobaki wa asubuhi.

Usiku akaanza kuhara. Siku ya tatu tulimzika, kama ulivyoandika. Hata idadi ya siku umeipata. Muuguzi wa zahanati aliniuliza mmekunywa maji gani. Nilimjibu, akainamisha kichwa. Nikamwomba asiseme. Watu walipokuja msibani wakauliza ameumwa nini, nikasema malaria. Malaria haina mwenyewe. Ukisema malaria hakuna anayekutazama mikono.

Kuni za maji nilizianza wiki ile. Na mtungi watu wanasema sadaka. Sadaka ipo, lakini zaidi nilikuwa natubu. Kila aliyekunywa akasema ahsante nilihesabu kwamba nimesamehewa kidogo. Miaka kumi na moja nimekula shukrani ambazo si zangu. Kofi lile nililokupiga halikuwa lako.

Nimekuficha mama yako alivyokufa, nawe ukaja kulitunga lile lile. Sijui Mungu ana maana gani. Najua ninavyoona haya.

Ngoja nitafute namna ya kusema mwenyewe.

Bibi yako,
Mwanaamina


Kibaha, Jumapili 19 Mei 2024

Kwa wazee, mama zangu na ndugu zangu wa Vihingo,

Shikamooni.

Mimi ni Shamsia, mjukuu wa Bibi Mwanaamina. Katika kijitabu mlichosomewa siku ya dua niliandika kwamba mama yangu alikufa kwa kunywa maji ambayo Bibi hakuyachemsha. Ni uongo. Nilitunga ili insha yangu ipendeze. Mama yangu alikufa kwa malaria, kama mnavyojua.

Maji ya bibi yangu hayajamdhuru mtu. Hakuna nyumba Vihingo inayochemsha maji kama yake. Nimemweleza mwalimu wangu, na insha imeondolewa. Atakayekataa kata ya Bibi kwa ajili ya maneno yangu ananiadhibu kwa kumwonea asiye na kosa. Nawaomba mkanywe.

Nisameheni.

Shamsia


Zegereni, 26 Mei 2024

Shamsia,

Marahaba, sasa nakupokea.

Barua yako kwa watu niliisoma Ijumaa baada ya sala, mbele ya duka la Amiri, kwa sauti ile ile. Safari hii niliipitia kwanza, tena mara mbili. Watu wameguswa. Mzee Amiri alisema mtoto anayekiri uongo mbele ya kijiji amelelewa. Wakaja wote nyumbani, karibu watu thelathini, moja kwa moja barazani kwenye mtungi. Walikuja na aibu yao kama watoto waliovunja sahani.

Sasa sikia maajabu. Mama alitoka, akawaona wamepanga foleni, akanitazama mimi, akatazama barua. Akaniuliza, "Ameandika hakuna kosa?" Nikasema ndiyo, imeisha Mama, umesafishwa. Akauinamisha mtungi wote ukamwagika hadi uani. Akaingia ndani akafunga mlango. Watu wanasema bado ana uchungu nao, na wanaona ana haki.

Mimi ni mwanaye na sikuelewa kitu.

Jambo la pili, na hapa nakuomba wewe radhi. Barua yake aliyonipa Jumamosi ya tarehe 18 nikuletee, ilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa begi langu. Tulibadilishiwa zamu, nikasahau, leo nafua ndiyo nimeiona. Naituma na hii. Natumaini haikuwa na haraka.

Mjomba Maulidi


Kibaha, 27 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo.

Nimeisoma jana kwenye ngazi za bweni. Sikumaliza nikaanza upya.

Sijui nianze kuona haya kwa lipi. Nilisema uongo ukawa kweli. Nikaomba radhi kwa kusema kweli, na katika kuomba radhi nikasema uongo mbele ya watu wote, kwa jina lako. Mwalimu Stellamaris amenisifu mbele ya darasa. Anasema nimeonyesha ujasiri. Firdausi ananinunulia soda. Nimekaa nasifiwa kama ulivyokaa wewe unashukuriwa, na sasa naelewa jinsi shukrani inavyokwaruza.

Bibi, kama unataka, basi tuiache. Wameshaamini. Mjomba hajui, Maua hajui. Nitabaki mimi niliyetunga, wewe utabaki na mtungi wako. Mimi naweza kuubeba uongo huo, ni wangu, nimeuzoea. Ukiniambia nyamaza, nitanyamaza mpaka nizeeke.

Nakumbuka kitu kimoja siku ile. Nakumbuka wali. Ulikuwa wa nazi, na Mama alinipa ukoko. Nilikuwa sijui kwamba ndio ule.

Tunafunga shule tarehe 7. Nitakuja, ukitaka nije.

Shamsia


Vihingo, Jumapili 2 Juni 2024

Mke mwenzangu,

Marahaba, mara zote ulizoamkia nikaacha kukujibu.

Sikutaka uubebe. Una begi la shule, linakutosha.

Jumatano nilimwita mjomba wako aombe ruhusa kazini. Nilimwambia yeye kwanza, ndani, maana ni dada yake. Alilia, kisha akatoka akapasua kuni mpaka giza likaingia, zote za kupikia. Alhamisi nikawaita wale waliokuja siku ile na foleni yao. Wakaja wakidhani nimewasamehe. Nikasimama pale barazani, mtungi mtupu, nikawaambia. Chungu kimoja, wali, kitambaa, muuguzi, malaria. Nikasema Shamsia hakusema uongo kwenye kitabu, ila hakujua, na barua ya pili aliandika kwa kunipenda. Nilisema nimeshika nguzo.

Mzee Amiri alisema inna lillahi, akaondoka. Wakaondoka mmoja mmoja. Maua hakunitazama kabisa, na mtandio kajifunika mdomo. Ijumaa nilichemsha maji nikajaza mtungi kama kawaida, na jioni nikamwagia mchicha. Nikajisemea haya, mchicha utastawi.

Jana asubuhi niko uani, nikasikia kitu kimetupwa chini barazani. Nikatoka. Ni Maua, na mzigo wa kuni. Kavu, Shamsia, kavu kabisa, za mkwaju, sijui kazipata wapi na mvua hii. Nikamuuliza hizi za nini. Akasema za maji.

Nikamwambia kaa. Hakukaa. Akasema, "Da' Mwanaamina, unamkumbuka Seifu wangu?" Nikasema namkumbuka. Alikuwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alikufa wiki ile ile ya mama yako, tulizika asubuhi na jioni. Walisema degedege. Akasema, "Haikuwa degedege. Na mimi sikuchemsha. Kuni zilikuwa mbichi kwetu sote."

Nyumba zetu zinatazamana. Miaka kumi na moja tumeazimana chumvi, tumesukana nywele, amekulea wewe, nami nikashika vitoto vyake vilivyofuata, na kila mmoja wetu amekaa na lake. Akaniambia siku ya dua alitua kikombe wa kwanza kwa sababu maneno yako aliyasikia kama yanamsema yeye. Hata hakunifikiria mimi. Aliomba radhi kwa hilo.

Nilichota maji. Alikunywa kata nzima, machozi yanaingia humo humo, akarudisha kata mahali pake. Hakusema ahsante, na nilishukuru kwamba hakusema.

Wengine bado hawajaja. Huenda watakuja, huenda hawatakuja. Mjomba wako anasema uandike tena kwa mwalimu wako, uandike yote, na jina langu uliweke. Mimi sikukatazi. Ila safari hii uniletee nikisome mwenyewe kwanza, maandishi yawe madogo au makubwa.

Njoo tarehe 7. Ukishuka stendi usipande pikipiki, tembea kwa njia ya msituni na uangalie chini ya miti mikubwa, pale mvua haifiki. Okota kuni utakazoweza. Ziwe kavu.

Wako,
Mwanaamina